Uzinduzi wa VPN ya Wananchi, Makambako

(Jumatano, saa nne asubuhi kwa mujibu wa barua za mwaliko, saa saba kasoro robo kwa mujibu wa saa ya ukutani. Anayesimama ni Ndugu Nikodemo, Mratibu Mkuu wa Jumuiya ya Faragha Mtandaoni Nyanda Baridi. Amevaa koti la suti juu ya masweta mawili.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye tumeambiwa gari lake limeshapita Njombe mjini na tangu saa tatu linaendelea kupita. Mwakilishi wa hao wawili, ambaye kwa unyenyekevu ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Tendaji, wajumbe wa Kamati Ndogo inayoisimamia Kamati Tendaji, na Kamati ya Chai. Baba mchungaji, uliyetufungulia kwa sala ndefu iliyotusaidia sana kusubiri. Ndugu wanunuzi wa mazao, nikianza na Bwana Obed aliyekaa hapa mbele, dalali wa parachichi mwenye ghala pale karibu na reli, ambaye ndiye mfadhili wa viti mlivyokalia. Akina mama wa Lupembe mlioacha baridi yenu mkaja kwenye baridi yetu. Ndugu zangu wa Makete mliolala njiani. Na ninyi wengine ambao vyeo vyenu havikuingia kwenye karatasi hii, jihesabuni mmeingia. Kamwene. (Kamwene.) Sijasikia Ludewa. (Sauti: "Tupo wawili, Mratibu. Tumeitikia.")

Ndugu wananchi, mimi nilizaliwa kabla ya intaneti, na naweza kusema bila majivuno kwamba intaneti ilipofika ilinikuta niko tayari. Ndiyo maana Jumuiya ilipotafuta mtu wa kuongoza mchakato huu shirikishi, jumuishi na endelevu wa kuwapatia wananchi VPN ya kuaminika, jina lilipendekezwa moja, likapigiwa kura, likashinda, na mwenye jina hilo alikuwa ndiye mwenyekiti wa kikao. (Makofi ya Kamati Ndogo.)

Kwa wale ambao hawakuhudhuria semina elekezi, VPN ni ile huduma ambayo mambo yako ya simu yanapita kama maji ndani ya bomba lililofukiwa, ili mwenye wifi unayoitumia, awe wa gesti, wa hoteli au wa mahali pengine popote, asione unaelekea ukurasa gani. Lakini hapo ndipo penye mtihani, wananchi, kwa sababu yule uliyekuwa unamficha haoni tena, ila sasa anaona mwenye bomba. Kwa hiyo swali kubwa la kitaifa na kimataifa ni moja: mwenye bomba ni mtu wa namna gani? Sisi kama Jumuiya hatukulichukulia swali hilo kirahisi. Tulikaa vikao ishirini na sita. Tulikwenda kujifunza Morogoro, tukarudi, tukaona hatujajifunza vya kutosha, tukarudi tena Morogoro.

Tulipokea maombi ya kampuni tisa za VPN kutoka nchi za nje, na tukazipima kwa vigezo ambavyo kila mtu wa Njombe anavijua, yaani vile vile tunavyompima mgeni anayeomba kupangishwa chumba. Alete barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji chake, yenye muhuri. Alete wadhamini wawili wanaofahamika. Alete barua ya usharika. Alete picha mbili za pasipoti, za karibuni, masikio yote yaonekane. Ndugu zangu, nasikitika kuwaambia kwamba makampuni haya makubwa yanayotamba dunia nzima yalianguka yote kwenye kigezo cha kwanza. Kampuni moja tuliipigia kabisa, tukaiuliza kwa upole mwenyekiti wenu wa kijiji ni nani, ikakata simu. (Miguno.) Nyingine ilituandikia kwa kujivunia kwamba haihifadhi kumbukumbu yoyote ya mteja wake. Haina faili. Haina jalada. Tukajiuliza, ofisi isiyo na faili inafungua saa ngapi? Hiyo tuliikataa siku hiyo hiyo, kwa barua, nakala tano.

Ndipo Jumuiya ikaja na wazo la VPN ya Wananchi, yenye mwenyewe anayeonekana, yaani sisi. Mpaka leo hii, tangu tuanze usajili mwezi Mei, wamejiunga wananchi mia nne na kumi na wawili, ambayo ni asilimia mia moja na nne ya lengo. Kati yao asilimia thelathini na nane ni wanawake, asilimia arobaini na moja ni wanaume, na waliobaki hawakujaza vizuri. Malalamiko yaliyopokelewa kwa njia sahihi ni sifuri. Njia sahihi itatangazwa.

Na siri kubwa ya mafanikio haya ni daftari. Naomba Katibu wetu, Ndugu Amon, alinyanyue juu watu waone. (Ndugu Amon ananyanyua kaunta buku lenye jalada la bluu. Picha moja ya pasipoti inadondoka.) Hili hapa, wananchi. Kila mwanachama amejaza kwa mkono wake mwenyewe: jina, kijiji, simu, nywila, unamficha nani, na unaficha nini. Hakuna kubabaisha. Daftari hili tangu Mei limekaa mezani pale mlangoni, wazi, ili kila mtu ajiridhishe kwamba siri yake ipo na haijaguswa.

Ili kuwaonesha wadau thamani ya mradi, naomba nisome mfano mmoja tu. Ukurasa wa kumi na saba. Jina, Telesia, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa parachichi, Lupembe. Mama Telesia yupo? Asimame tumwone. (Anasimama mama mwenye kitenge na koti la mvua.) Asante mama. Namba ya simu ipo, sitaisoma kwa kuheshimu faragha. Nywila nayo ipo, sitaisoma, ila niipongeze tu, ni jina la mjukuu na mwaka aliozaliwa. Safu ya tano, unamficha nani: "Obed dalali." Safu ya sita, unaficha nini: "Tumepata mnunuzi mwingine. Kila tukifungua ukurasa wake kwa wifi ya bure ya ghalani kwa Obed, kesho yake Obed anatuuliza habari za huyo mnunuzi, kisha anawapitia wanakikundi mmoja mmoja na kuwatisha kwamba msimu ujao hatawachukulia mzigo. Lori la mnunuzi linakuja Alhamisi. Akijua kabla, hatuuzi."

Makofi kwa Mama Telesia. (Bwana Obed anaazima kalamu kwa mchungaji na kuandika kitu nyuma ya ratiba.)

(Mama Telesia: "Baba Mratibu, hiyo uliyoisoma ni siri yangu.")

Kabisa mama, na ndivyo ilivyoandikwa hapa juu ya ukurasa, SIRI, kwa wino mwekundu. Tunakushukuru kwa kuwa mfano. Kaa, mama.

(Bwana Obed anatoka nje na simu sikioni. Anasikika dirishani: "Kesho alfajiri muwe Lupembe, wote. Ongezeni bei. We fanya nilichokwambia, kuuliza baadaye.")

Naomba wanaotoka kupokea simu wapokee kwa sauti ya chini, tuko kwenye jambo la faragha. Sasa nitaruhusu swali moja. Wewe binti, mwenye kofia ya sufu. Jitambulishe.

("Shikamoo Mratibu. Naitwa Brightness, fundi simu pale stendi.")

Marahaba binti. Uliza kwa kifupi.

("Hiyo VPN yenu inahifadhi kumbukumbu za mtu anapita wapi na wapi?")

Swali zuri sana, na linaonesha ukomavu. Inahifadhi, binti yangu, tena kwa umakini mkubwa. Nakala tatu. Moja ofisini, moja kwa Katibu, moja nyumbani kwangu kabatini.

("Nani mtu wa nje, asiye wa Jumuiya, aliyewahi kuikagua?")

Alikuja mkaguzi kabisa. Alikaa siku mbili. Alikagua jengo, akapima upana wa mlango, na kwa maandishi alisifia choo.

("Watu hawalipi kitu. Sasa yenyewe inaishi kwa kula nini? Maana mimi mteja akiniletea kitu cha bure kinachotaka mpaka jina la mtu anayemkimbia, namwambia akitoe kwenye simu kabla sijaanza kutengeneza chochote.")

Inaishi kwa uzalendo. Andika hiyo, Amon.

("La mwisho, Mratibu. Mitambo yake iko wapi?")

Mitambo, kwa mujibu wa mpango mkakati, itakaa Ipelele, kule Makete, kwa sababu mbili za kisayansi: mitambo inapenda baridi, na wakati wa masika hakuna mwizi wa data anayeweza kufika kule na kurudi. Na ujumbe wote utafichwa kwa kugeuzwa kuwa Kikinga, lugha ya huko huko. (Kicheko upande wa Makete. Sauti: "Na sisi je, tutafichwa kwa lugha gani?") Ninyi mtaaminiwa.

("Umesema itakaa. Sasa hivi iko wapi?")

Sasa hivi, binti, kuna mpango wa mpito, ambao upo kwenye karatasi hii sehemu ya shukrani, na mimi siruki kurasa. Kaa. Nani tena? Mama Telesia, wewe umeshatumika kama mfano, huwezi kuwa mfano na muulizaji kwa wakati mmoja.

(Mama Telesia, akiwa bado amesimama: "Siulizi. Nilikuja kuchukua picha zangu mbili za pasipoti, nilizipiga kwa ajili ya mambo mengine. Mimi siku ile nilianza kujaza hilo daftari vizuri tu. Nilipofika pale panapouliza unamficha nani, nikajiuliza, huyu anayenisaidia kuficha, hilo la nini kwake? Na daftari liko mlangoni, Obed anapita hapo kila siku kuja kunywa chai na Katibu. Nikaenda stendi kwa huyu binti. Akaniulizia yale maswali yake kwa VPN nne, tatu zikashindwa. Hiyo moja iliyojibu haijui mimi ni nani mpaka leo, na wala haijawahi kuniuliza.")

(Bwana Obed amerudi, amesimama mlangoni.)

(Mama Telesia: "Daftari nikalimalizia kwa adabu, nisimwaibishe Katibu. Nikaandika Alhamisi. Lori limeondoka Jumatatu, limejaa.")

(Bwana Obed: "Mama Telesia, kweli unanifanyia hivi mimi?")

(Mama Telesia: "Vijana wako wakifika kesho watapewa chai, baba. Kule alfajiri kuna baridi sana.")

(Kicheko kirefu. Kamati ya Chai inacheka mpaka inaweka chini mabirika.)

Utulivu, wananchi. Utulivu. Naomba niweke kumbukumbu sawa kabla waandishi hawajaandika vibaya. Mzigo umeuzwa. Siri haikuvuja. Mkulima amenufaika. Yote haya yametokea ndani ya kipindi cha utekelezaji wa mradi wetu, na kwa mwanachama ambaye jina lake limo kwenye daftari letu. Hayo, ndugu zangu, kitaalamu yanaitwa matokeo, na Amon atayaingiza kwenye taarifa ya robo mwaka kama matokeo. Na nimwombe binti Brightness apite ofisini wiki ijayo tumpe cheti cha kutambua mchango wake katika juhudi zetu. Aje na barua ya utambulisho.

Sasa simameni tufunge kwa kaulimbiu. Nikisema Faragha, mseme Yetu Sote. Faragha. (Watu kumi na moja: "Yetu sote.") Nikisema Siri Zako, mseme Ziko Salama Ofisini. Siri zako. (Hakuna anayeitika. Watu wamejipanga foleni mbele ya meza ya Katibu, wanaomba kurasa zao.) Basi, nimesikia mlivyoitika moyoni.

Kabla sijashuka, nina shukrani chache. Nawashukuru wahandisi wa mradi, ambao watashukuriwa kwa majina watakapoajiriwa. Nawashukuru wananchi wa Ipelele kwa kiwanja cha mitambo, ambacho barua ya kukiomba iko mbioni kuandikwa. Nawashukuru wataalamu wa Morogoro kwa ukarimu, hasa ile safari ya tatu, ambayo sikuitaja. Na kwa namna ya pekee, kuhusu ule mpango wa mpito alioulizia binti, namshukuru kutoka moyoni Bwana Obed, ambaye tangu mwezi Mei, bila kudai hata shukrani, alikubali jina la wifi ya ghalani kwake libadilishwe kwenye simu zenu lisomeke VPN YA WANANCHI, ili wanachama wetu wasikae bure wakati tukiendelea na mchakato.

(Foleni imegeuka. Watu mia nne wanamtazama Bwana Obed. Bwana Obed anatafuta mlango mwingine, na ukumbi ule una mmoja tu, ule aliosimama, na akina mama wa Lupembe wameshauziba.)

Msimsonge mfadhili, tafadhali, na mnaozima simu mzime taratibu. Mwisho kabisa, nawashukuru ninyi wananchi mia nne na kumi na wawili kwa miezi yote hii ya imani, uvumilivu na matumizi sahihi ya huduma ambayo, Mwenyezi Mungu akitujalia uzima na bajeti ikipita, natumaini siku moja tutaianzisha.