Shangazi Haleti Mvua

Kwa Hirwa, Katibu wa Kamati ya Harusi ya Kirezi,

Assalaam aleikum. Ni mimi shangazi yako Raihana, fundi cherehani wa Muhima, mzima wa afya ila moyo umesononeka. Nimesikia kompyuta yako imechunguza harusi zote za ukoo na kugundua kwamba nikihudhuria mimi, mvua inanyesha. Ndiyo maana sijapata kadi. Kwa heshima zote, nalalamika.

Kwanza, Kirezi nimemlea mimi. Sare yake ya kwanza ya shule niliishona kwa mikono hii, na Agosti anaolewa mimi nikiwa nimefungiwa nyumbani kwa sababu ya mawingu! Inaniuma, mwanangu.

Pili, uliihesabia kompyuta nani alikuja, ukasahau kuiambia ulikuwa mwezi gani. Kiangazi watu wote wanaoana, na mishanana yao yote, yale mavazi yetu ya harusi, iko kwenye cherehani yangu. Nitatoka saa ngapi? Nafasi ya kwenda harusini naipata Aprili na Novemba, wateja wakiadimika. Na Aprili Kigali hunyesha hata nikiwa nimelala. Ni kwa Kirezi tu ningefunga duka Agosti.

Tatu, kama kazi ni kuchagua cha kuhesabu, hata mimi naiweza. Nimefanya utafiti wangu. Mwezi nimeuacha nje kama ulivyouacha wewe, nikaweka ile tai yako nyekundu ya shingoni unayoivaa kila harusi. Kila iliponyesha, tai ilikuwepo! Niliowahoji ni wateja wangu, watu waaminifu. Mmoja alibisha nikamwondoa, maana alikuwa anaharibu matokeo.

Nne, tai hiyohiyo ilikuwepo keki ilipoanguka, umeme ulipokatika, na kwenye harusi ya yule bibi wa Masaka aliyepata mapacha baadaye. Sisemi wewe ndiye uliyesababisha. Nasema hesabu ndizo zinazosema.

Kwa hiyo naiomba kamati ikuzuie mlangoni, na kadi yako nipewe mimi.

Nisalimie baba, mama, majirani wote, na hiyo kompyuta pia.

Shangazi yako mwenye uchungu,
Raihana

N.B. Jumamosi cherehani nilimwachia mwanafunzi wangu, nikaenda harusi ya binti wa fundi mwenzangu kule Gisozi, Julai hii kavu. Ilinyesha mpaka hema likalala juu ya wageni. Tai yako niliitafuta kila meza, sikuiona. Naomba harusi hiyo tuiondoe kwenye hesabu, yako na yangu.