Malalamiko Kuhusu Kusafishwa Jina la Mmeza-Kengele

Kwa Mhariri Mtukufu wa ukurasa wa "Wanawake Walioeleweka Kombo",

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Mimi ni kijana wa karakana ya baiskeli, fundi msaidizi kwa cheo, ingawa kazi zote ngumu nazifanya mimi. Shule nilisoma mpaka pale mwalimu mwenyewe aliposema inatosha. Nakuandikia kwa adabu zote kukulalamikia kwamba gazeti lako limeiharibu familia yetu kwa kuisema vizuri.

Majuzi mlichapisha maisha ya mama yake bibi yangu. Kwa faida ya wasomaji waliofungia sabuni ukurasa ule kabla hawajausoma, naeleza upya. Zamani hapa kwetu palikuwa na kiwanda cha nyuzi, na kengele yake ilikuwa juu ya mnara. Sheria ilikuwa hakuna kuingia kabla ya kengele, hakuna kutoka kabla ya kengele, na saa ya mkononi haruhusiwi mtu kuwa nayo isipokuwa meneja. Mgonga kengele alikuwa huyo mama yake bibi. Asubuhi moja kengele haikulia. Kile chuma cha ndani kinachogonga, wazee wanakiita ulimi, hakikuwepo. Wakampekua yeye, wakapekua nyumba, wakachungulia hadi ndani ya mtungi wa maji, hola. Ndipo nyapara, mtu mzima na ndevu zake, akatamka kwamba basi lazima amekimeza. Chuma chenyewe ni kinene kama mguu wa kiti, lakini mji mzima ukaafiki. Tangu siku hiyo akaitwa Mmeza-Kengele, na watu wakimwona wanavuka barabara.

Hiyo ndiyo historia niliyorithi, na sikuwa na ugomvi nayo hata chembe. Kisha akaja mwandishi wako, yule dada mwenye miwani na mkoba mzito. Nilidhani anauza vipodozi, nikamruhusu apite. Akakaa jikoni na bibi mchana kutwa, na bibi akamwaga mtama wote. Kwamba meneja alikuwa akiamuru kengele igongwe mapema asubuhi na kuchelewa jioni, akiwadokolea watu muda wao kidogo kidogo kama panya kwenye gunia. Kwamba mama yake aliligundua hilo kwa kutazama kivuli cha mnara, akaung'oa ulimi, na kwa kuwa sheria inakataza kuingia bila kengele, wafanyakazi wakakaa nje ya lango wakiitii sheria neno kwa neno. Meneja akasalimu amri, akatundika saa kubwa langoni kila mtu aione. Saa ikapanda, mwanamke akafukuzwa. Walionufaika ni wengi, waliokwenda kumshukuru hakuna, maana nani atagonga mlango wa mtu mwenye chuma tumboni?

Nilimuuliza bibi kwa nini ametoboa siri aliyoifunga tangu utoto wake. Aliendelea kumenya viazi, akanijibu, "Hakuna aliyewahi kuniuliza, mjukuu wangu. Walikuwa wananipisha tu."

Mimi nasema kupishwa ni heshima. Naomba sasa usome madhara yaliyotupata.

1. Bombani. Zamani nikitokea na ndoo, foleni ilikuwa inajigawa yenyewe kama nywele mbele ya chanuo. Nilikuwa nachota, naondoka, wala sikupoteza muda wa kumsalimia mtu. Siku hizi wananisalimia wao. Wananiuliza hali ya bibi, wananishika bega, wanasema damu ya mashujaa hiyo, halafu wananielekeza kwa upole mkubwa mwisho wa foleni.

2. Mpira. Mimi ni golikipa wa timu ya mtaa, na nasema bila kujivuna kwamba nilikuwa sifungiki. Washambuliaji walikuwa wakifika mbele yangu miguu inapata ganzi, wanapiga mpira nje. Nilijua ni kipaji. Tangu gazeti litoke, miguu yao imepona. Idadi ya magoli sitaitaja kwa sababu barua hii inasomwa na watu wenye familia. Itoshe kusema kwamba aliyenifunga la mwisho alikuja kunikumbatia na kuniambia anajivunia kucheza na kitukuu cha mwanamke yule.

3. Kazini. Fundi mkuu hakuwahi kunigombeza hata siku moja. Niliposahau kukaza gurudumu la mteja, na mteja akafika nyumbani kabla ya gurudumu, fundi alisema ni bahati mbaya. Sasa nikichelewa kidogo tu ananisimamisha mlangoni na kuniambia kwamba bibi zangu walipigania saa, mimi ninaipuuza. Mhariri, mtu ajibuje hapo? Nilijaribu kumwambia kwamba walipigania saa ya kutoka zaidi kuliko ya kuingia. Hakucheka.

4. Mchi wa jikoni. Bibi hakuishia kusimulia, alinyanyua na ushahidi. Kumbe chuma kile tulichokuwa tukitwangia vitunguu saumu miaka yote ndicho ulimi wenyewe. Nimekitumia tangu nikiwa mtoto, nimekiangusha juu ya kidole gumba, nimepigwa nacho mgongoni mara moja kwa haki. Watu wa manispaa wamekuja wamekivalia glavu, wamekichukua, wamekiweka ndani ya kabati la kioo ukumbini kwao. Nyumbani tunatwangia kitako cha chupa. Historia imehifadhiwa, kitunguu hakilainiki.

5. Malezi. Hapa silalamiki kwa ajili yangu, nalalamikia taifa. Mama mkubwa ana watoto ambao walikuwa wanalala mapema kwa neno moja tu, kwamba Mmeza-Kengele anapita. Sasa wakiambiwa anapita, wanakimbilia dirishani wamwone. Mdogo wao ameuliza kama anaweza kuingia ndani apumzike. Mkiendelea kuwaelewa wanawake kwa kasi hii, mtaa huu hautabaki na mtu wa kutishia watoto, na mtoto asiyelala leo ndiye diwani mwenye usingizi wa kesho.

6. Shangazi yangu. Huyu hajafa na wala hajaingia kwenye historia, lakini ana wasiwasi. Mtaa mzima unaamini ana jicho baya, na kwa imani hiyo hajawahi kuibiwa kuku. Tangu mwandishi wako aonekane kwetu, shangazi amefunga madirisha. Anaogopa mtagundua kuwa ana kengeza tu. Ameniagiza nikuandikie kwamba yeye ameeleweka vizuri sana na hahitaji msaada.

Mhariri, usinifikirie vibaya. Mimi si adui wa ukweli, tumewahi kukutana mara kadhaa tukasalimiana. Ninachosema ni kwamba ukweli una wakati wake na una majirani wake. Mwanamke akishaeleweka vibaya, wajukuu wake wanajenga maisha juu ya hapo. Mmoja anakuwa golikipa, mwingine anafuga kuku. Ghafla mnakuja na kalamu mnauvuta msingi, halafu mnaita jambo hilo haki. Haki kwa nani? Aliyekufa hasomi gazeti. Mimi nasoma.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mambo haya. Toleo lijalo mchapishe masahihisho kwamba mama yake bibi alikimeza chuma kile, tena bila maji. Kama nafasi itaruhusu, muongeze kwamba siku za upepo tumbo lake lilikuwa linalia. Pia kuanzia sasa, kabla ya kumwelewa mwanamke yeyote wa zamani, mwandishi wako apate kwanza ruhusa ya vitukuu wake wa kiume, hasa wale wanaodaka. Na kama dada yule ana hamu kubwa ya kuelewa watu, mpelekeni mji wa jirani. Nasikia kule wamejaa wanawake ambao hakuna anayejua walikuwa wanafikiria nini, na timu yao ya mpira inatusumbua.

Nikimaliza, nisalimie mwandishi wako, ingawa ndiye mshtakiwa. Nisalimie wachapaji, mlinzi wa lango lenu, mama anayewapikia chai, na zaidi yule anayesahihisha herufi, maana leo nimempa shughuli. Wa nyumbani kwangu wote wanawasalimu, isipokuwa shangazi, ambaye ameomba asitajwe.

Ni mimi mdhulumiwa,

Kitukuu cha Mmeza-Kengele
(jina langu msilitoe, fundi mkuu siku hizi anasoma gazeti)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshabandika stempu na nataka kutoka kwenda posta wakati jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alipobisha hodi. Mama huyu hajawahi kuvuka kizingiti chetu. Inabidi ujue kwamba mtaani hapa mtoto mchanga hapakatishwi mtu wa nyumba yetu. Ndiyo desturi. Mama yangu alinizaa mimi, na hata mimi nilipakatwa na bibi kwa siri, mlango ukiwa umefungwa. Jirani alikuwa na mtoto wake mpya begani. Alisimama kidogo, akasema ana nguo za kuanua, halafu akamweka mtoto mikononi mwa bibi na kwenda zake. Bibi hakujua aweke wapi viwiko vyake. Alikaa chini taratibu kama mtu aliyebeba beseni lililojaa hadi ukingoni.

Kwa hiyo masahihisho msichapishe. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu stempu nayo si ya bure. Ningeeleza zaidi, lakini mtoto amesinzia, mama yake ameshamaliza kuanua nguo na amekaa tu kule kwake haji kumchukua, na bibi amenionyesha kwa macho kwamba kalamu yangu inakwaruza.