Mbaazi za Jua

Jumatatu, 3 Agosti
Assalaam alaikum, shajara yangu. U hali gani? Jalada lako limepona lile tui nililokumwagia? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila roho haijatulia. Mzee Chonga ana wageni kutoka Lamu. Ataka Ijumaa niwapikie mimi mbaazi, wazikute wakitoka kusali alfajiri. Jumamosi zamu ya Bi Fadhiya, mpishi mwenzangu wa ng'ambo ya kichochoro. Atakayewaridhisha ndiye atakayepika kwenye harusi ya binti wa Mzee. Fadhiya ana gesi. Mimi nina makaa na macho mekundu. Leo kaniuliza toka dirishani: Khubaib, mbona walia, kafa nani huko?

Jumanne, 4 Agosti
Mwalimu Kache, mpangaji wetu wa juu, kanifumbua macho. Ati gesi na mafuta huchimbwa ardhini, na yakishachimbwa ndiyo basi, hayarudi. Miti hurudi, lakini twaikata upesi kuliko inavyokua. Jua na upepo ndio nishati jadidifu: tumia utakavyo, havipungui. Subhanallah! Na jua lote hilo laniwakia paani bure! Fadhiya na mtungi wake, kwisha habari yao.

Jumatano, 5 Agosti
Sanduku la mbao. Karatasi ng'aavu za kufungia nyama. Kioo cha kabati la mke wangu Sidi (bado hajaona). Nikaweka sufuria humo, juani, asubuhi, na baada ya adhuhuri mbaazi zimeiva, laini, hata moshi hazinuki! Jiko la makaa nimempa Kenga, mchukuzi wa soko la Marikiti. La nini tena? Sidi kasema nipike kesho mchana, alfajiri nipashe tu kwa jiko la kuazima. Nikamjibu mgeni hapewi kiporo. Kisha akaliona kabati. Tuyaache hayo.

Ijumaa, 7 Agosti
Nimeamka kabla ya adhana. Nikapanda paani, nikaelekeza sanduku mashariki, nikangoja. Nyota nzuri, mashallah. Nyingi mno. Hapo ndipo moyo uliponishuka.
Wageni wakatoka msikitini. Mzee Chonga akaniita toka chini: Bwana Khubaib, mbaazi zaja, au ndiyo kwanza zapandwa?
Nikajificha nyuma ya tangi la maji. Fadhiya akafungua dirisha, akasema lete bakuli, mpishi wa jua. Akanijazia zile alizowapikia wateja wake. Wageni wakala, wakashukuru. Wakamshukuru yeye.

Jumamosi, 8 Agosti
Harusi kapewa Fadhiya. Kanichukua nimkunie nazi. Nimekubali, mtu hakatai riziki.
Leo katikati ya upishi gesi ikamwishia. Nikafurahi, astaghfirullah. Si Mwalimu alisema? Mara pikipiki ikaleta mtungi mwingine, moto ukawaka tena.
Nikawaza huku nakuna. Gesi iliisha, ikarudi hata nazi moja sijaimaliza. Jua liliponiishia, nilikaa gizani na aibu yangu. Sasa kipi hapo kinachojadidika? Maskini Mwalimu, kavipindua! Sikumwambia, nisimvunje moyo.
Basi nami naingia kwenye gesi. Sanduku nimempa Fadhiya. Kaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia chukua, dada, takataka hiyo. Ati atapikia mbaazi mchana, alfajiri azipashe. Nimecheka mpaka mbuzi ya nazi ikanikata kidole.
Wewe waonaje, shajara yangu? Nijibu upesi, tafadhali.