Bima ya Mahali Popote

Mutwalibu wa Mafubira, kule Jinja, alikuwa na ulimi wa kumuuzia bata mwavuli, lakini mali yake yote duniani ilikuwa baiskeli moja. Miaka ya vita aliificha ndani ya miwa, akaifunika kwa godoro lake, yeye mwenyewe akalala chini. Sasa bunduki zilikuwa zimenyamaza, na Mutwalibu aliona wakati umefika baiskeli izae pikipiki.

Pikipiki yenyewe aliiona Mbale, mtaa wa Malukhu, imeegemea ukuta wa Yakub, muuza ngozi. Kibarazani Yakub alikuwa akijisifu kwa majirani kwamba yeye na dada yake Nulu wanakwenda Ulaya kutembea, kupumzisha macho yaliyochoka kutazama vizuizi vya barabarani.

Mutwalibu akashuka kwenye baiskeli, akakohoa kama daktari.

"Ssebo, bwana mkubwa, bima mnayo?"

"Bima ndiye nani?"

"Bila bima Ulaya hamwingii! Kule jino likiuma, unauza nyumba. Ukiteleza kwenye barafu ukavunja nyonga, unauza na ukoo. Mwenye bima anaumwa huku anacheka."

"Na akifa?" aliuliza Nulu, mwanamke mwenye macho ya upole mno.

"Anarudishwa kwa ndege, nyabo, amelala kabisa. Wazima wote wamekaa wamebanana."

Akatoa kipimo cha moyo kilichoachwa na wanajeshi waliokimbia, akamsikiliza Yakub tumboni. "Moyo upo," akatangaza. Ada ya bima, kwa mioyo miwili, ingekuwa pikipiki tu.

Yakub akakuna kidevu. "Inalipa London peke yake?"

"Mahali popote!"

"Hata Paris?"

"Mahali popote, nimesema!"

"Basi apa mbele ya watu. Vitani tumeibiwa na wengi." Akamwita Afande Ignatius, polisi wa pale kona. Majirani wakajaa.

Mutwalibu, ambaye tayari alikuwa akiusikia mlio wa pikipiki yake, akaweka mkono kifuani. "Wallahi, kwa huyu Nulu, mimi nalipa mahali popote!"

Vigelegele vikapasua Malukhu. Mama mmoja akaangusha sinia la matoke.

"Shemeji!" alilia Yakub, akimkumbatia.

"Shemeji wa nani?"

"Umesema unalipa mahali," alisema Afande. "Nimesikia mimi mwenyewe."

Hapa msomaji avumilie kidogo. Wenye Kiswahili chao husema mahali pa kukaa na mahari ya kuolea. Lakini kutoka Jinja hadi Mbale, r na l hulala kitanda kimoja, na hakuna anayeuliza nani kavuta shuka ya mwenzake.

"Sikusema mahali! Nilisema mahali!"

"Ndiyo, mahali," alisema Afande polepole. "Sasa unakana mahali mbele ya serikali?"

"Afande, ma-ha-LI!"

"Hachoki kuitaja," alisema Nulu, akiinamisha uso. "Ananipenda kweli."

Afande akaitazama baiskeli. Majirani wakaitazama baiskeli. Mutwalibu akautazama mlango wa kituo cha polisi, akaona uko karibu kuliko Jinja. Akaikabidhi baiskeli kwa mikono miwili, kama mtu anayemzika mama yake, akasema anakwenda kuwaita wazee wake kwa ajili ya ndoa. Hakuna aliyemfuata. Jambo hilo lingemshtua mtu mwerevu.

Jinja akakutana na rafiki yake Waiswa, tapeli mwenzake.

"Baiskeli iko wapi?"

"Mbale."

"Kwa Nulu?"

"Wewe umemjuaje?"

"Mimi nilikwenda kumuuzia dawa ya nywele," alisema Waiswa. "Nikaapa inaotesha mahali popote. Redio yangu ikabaki kule. Afande akapata betri. Na Yakub si kaka yake, ni mumewe. Wanatupenda sana sisi watu wa Jinja."

"Kumbe safari ya Ulaya ni uongo!"

"Uongo wapi? Wanakwenda kweli. Nauli ni redio yangu." Waiswa akamshika bega kwa huruma. "Bima, ndugu yangu, ni wewe."