Kitara cha Jumbe Mtarajiwa

Jumanne, 1 Machi 1910
Jumbe wetu wa Mwembesongo amehamia Bagamoyo kwa binti yake. Kiti kiko wazi! Jumamosi Bwana Mkubwa wa boma atachagua mwingine barazani. Wanaotajwa ni wawili: mimi Mwinjuma, fundi cherehani mwenye akili, na Salehe muuza kahawa, mwenye kanzu nyeupe na hana kingine. Nikiwaza kumwita Salehe "Jumbe" kila asubuhi, chakula hakipiti.

Leo nimepeleka bomani koti la Bwana Mkubwa, nililolitia vifungo. Nikakiona kitara chake, ule upanga wa cheo, ukutani. Nimekichunguza sana. Hakijawahi kukata hata muhogo. Lakini akikivaa, watu wanampisha njia. Basi siri nimeijua. Cheo hakiko kichwani, kiko kiunoni.

Mke wangu Hidaya kasema paa linavuja.

Jumatano, 2 Machi
Nimepanda mlimani kwa mhunzi, Mzee Dadi. Shikamoo, marahaba, kisha nikampa somo. Upanga wa askari wa miguu hunyooka, maana kazi yake ni kuchoma. Wa mpanda farasi hupinda, maana hufyeka huku farasi anakimbia. Mimi nataka yote mawili: unyooke hadi katikati, kisha upinde. Mzee Dadi akauliza farasi wangu yuko wapi. Akauliza pia nitamchoma nani. Watu wa mlimani hawaelewi mambo ya serikali.

Tumepatana kwa mbuzi jike mmoja. Hidaya hajaambiwa. Kinga ya mkono itatoka kwenye taa yake ya shaba. Hilo pia hajaambiwa.

Ijumaa, 4 Machi
Kimekamilika! Kizuri mno! Ala nimeishona mwenyewe kwa ngozi mbichi, imenyooka vizuri. Kitara kikagoma kuingia, kwa ajili ya ule mpindo. Nikakisukuma kwa mguu. Ngozi imekauka, sasa hakitoki. Si kitu, cha Bwana Mkubwa nacho hakitoki kamwe. Ila mbwa wawili wananifuata tangu asubuhi.

Alasiri tumemzika jirani yetu, Bibi Mosi. Nikaenda nacho, watu wazoee. Kosa! Mihambo alikuwapo, Mnyamwezi wa reli, mtani wetu sisi Waluguru. Tulipotoka makaburini akanipokonya kitara, akakivaa, akatangaza amekikamata kwa deni la ugoro la marehemu. Msiba mzima ukacheka. Mtani hakasirikiwi, nikacheka na mimi hadi taya likauma. Ili akirudishe, alitaka nimwamkie shikamoo mbele za watu. Mimi! Kijana hata ndevu hana! Nikakataa. Wazee wakanisihi, ni neno moja tu, nilitamke nichukue changu. Nikakataa tena. Jumbe mtarajiwa hawezi.

Jumamosi, 5 Machi
Mihambo kaja barazani na kitara changu kiunoni. Bwana Mkubwa akasimama ghafla. Tangu vita vya Maji Maji hapendi kuona upanga kwa mtu asiye askari. Akauliza ni cha nani. Mihambo akaanza kueleza kuwa ni utani wa msibani, hauna mwenyewe. Nikamkata kauli. Sifa zangu ziende kwa Mnyamwezi? Nikajitokeza, nikasema ni changu, nimekibuni mwenyewe.

Nikaamriwa nikichomoe. Nikavuta. Shaushi, mkubwa wa askari, akashika ala, tukavutana. Kikatoka kwa kishindo, shaushi akaenda chali, mbwa wakaidaka ala wakakimbia nayo sokoni. Bwana Mkubwa alicheka kidogo, akakumbuka cheo chake, akatamka hamsa-ishirini, viboko ishirini na vitano. Hapo Salehe akajitupa chini kuniombea: huyu ni punguani wetu, hana madhara, tumemzoea. Bwana Mkubwa akapendezwa na huruma yake. Viboko vikafutwa, nikapewa ufagio, nifagie boma mwezi mzima. Salehe akapewa ujumbe. Imeniuma, sina la kuficha.

Jumatatu, 7 Machi
Nimefagia. Salehe kapita, nimemwita Jumbe. Mihambo kapita, kaidai shikamoo yake, nimemnyima. Hidaya anauliza mbuzi, anauliza taa. Kitara kiko jikoni bomani, mpishi anakatia maboga. Anasema kinakata vizuri, hasa pale kinapopinda. Nilijua!

Huku nafagia nimemtazama Bwana Mkubwa kwa makini, na kosa nimeliona. Si kiuno. Ni mabega! Ana vitu vinavyong'aa mabegani, na ndivyo watu wanavyoviogopa. Hidaya ana vibakuli viwili vya shaba alivyoachiwa na mama yake. Nimevipima kwa macho. Vinatosha.