Spana Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Machi 2013. Upepo mkali. Vumbi limeingia hadi ndani ya uji wa shayiri.
Msiba! Bi. Ibarra, msimamizi wa ndege zilizostaafu, amenijulisha kupitia uzio kwamba ndege yangu, Namba 79, itaondoka Alhamisi juu ya lori. Inakwenda Kansas, ikasimamishwe juu ya nguzo mbele ya maktaba. Kansas! Na nani aliyeiombea nafasi hiyo? Wendell Stuckey, mzaliwa wa huko, fundi niliyemfundisha mwenyewe. Ndiye aliyeiba spana yangu namba kumi na nne mwaka 1994. Hajakiri hadi leo.
Ndege ni mali ya fundi mkuu. Jina lake huandikwa chini ya kioo cha chumba cha rubani. Rubani huazimwa tu, na huagizwa airudishe bila mkwaruzo. Jina langu lingali pale, Delbert Runyon, limepauka. Ndege ile ilichoshwa na vita, ikaletwa kwetu jangwani kuchunguza hewa. Kwa miaka tisa nilibandika nyuzi za sufu juu ya mabawa yake ili wataalamu waone upepo unavyopita. Nyuzi zenyewe zilikuwa za mke wangu Lorraine. Hakuwahi kumaliza sweta hata moja.
Tangu nistaafu, kila asubuhi huketi nje ya uzio kwenye kiti cha kukunja, nikiitazama. Kutoka hapa Kansas haionekani.

Jumanne, 5 Machi.
Nimepata njia! Kwetu kifaa kikipotea, ndege haisogei hata hatua moja mpaka kipatikane. Nimemweleza Bi. Ibarra kwamba mwaka 1995 niliangusha bisibisi ndani ya 79, na dhamiri inanisumbua. Aliuliza mbona dhamiri imechukua miaka kumi na minane. Nilimjibu kwamba dhamiri yangu hufanya kazi polepole, lakini kwa ukamilifu.
Alishusha pumzi, akasimamisha lori. Sheria ni sheria. Hakuna bisibisi yoyote mle, na kisichokuwemo hakipatikani. Hapo ndipo penye ustadi!

Jumatano, 6 Machi.
Wendell amefika. Amenenepa. Alipiga kelele toka mbali: "Bosi! Bisibisi nayo nimeiba mimi?" Mafundi wakacheka. Nilimwambia kwamba mtu mwenye historia yake angenyamaza.
Wamefungua vifuniko ishirini na sita. Hawajapata kitu. Nilikula mkate wa ndizi kwa utulivu mkubwa.

Alhamisi, 7 Machi.
Siku mbaya. Saa nne asubuhi fundi mmoja alitia mkono nyuma ya tundu la hewa la kushoto, akatoa spana. Namba kumi na nne. Ina alama yangu, niliyoichonga mwenyewe.
Wendell alicheka hadi akaketi chini. Bi. Ibarra aliandika kwamba mzee amechanganya spana na bisibisi, kifaa kimepatikana, ndege iondoke. Nilipinga. Nilisema hivyo ni vifaa viwili tofauti kabisa. Alinipigapiga bega.
Sikuomba radhi. Nilisema tu kwamba spana imetunzwa vibaya.
Kisha Wendell akanivuta pembeni. Hakuwa anacheka tena. Alisema ndani ya lori kuna nafasi moja: "Twende, bosi. Siku tatu tu. Wakiipandisha, uwepo." Alisema pia kwamba amewakataza watu wa Kansas kugusa jina langu kwa rangi.
Nilimjibu kwamba mimi si mzigo wa kusafirishwa.
Njia nzima ya kurudi nyumbani nilitamani kugeuza gari.

Ijumaa, 8 Machi.
Imekwenda. Pale ilipokuwa pamebaki doa la mafuta, na alama tatu za magurudumu. Niliketi nikazitazama hadi saa sita. Upepo ulikuwa mzuri. Nyuzi zingelala sawasawa leo.
Lorraine aliniletea kahawa. Alisema: "Baba, si umpigie tu Wendell simu, umwambie unataka kwenda? Leo wanalala Arizona." Nilimweleza kwamba hivyo ndivyo wafanyavyo watu wasio na mipango.

Jumatatu, 11 Machi. Upepo umetulia.
Leo ndege inapandishwa juu ya nguzo. Nimeandika barua kwa maktaba ya Kansas. Nimewaarifu, kwa heshima, kwamba bisibisi ya mwaka 1995 ingali imo ndani ya 79, kwamba ni hatari kwa wasomaji wanaopita chini yake, na kwamba yuko mtu mmoja tu duniani ajuaye kifuniko cha kufungua. Niko tayari kuja kwa basi.
Lorraine ameuliza mbona nafungasha. Nikamwambia nakwenda kutafuta bisibisi.
Nimeitia kwenye mfuko wa koti, isije ikakosekana huko.