Ritifaa Kwenye Chupa ya Jamu

Nether Wadlow, Jumatatu

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maonyesho ya Kijiji

Bwana Aldridge,

Natumai hema la maonyesho limekauka. Niliripoti kesi za mahakama ya wilaya tangu ujanani hadi nilipostaafu, na najua kutofautisha malalamiko na porojo. Haya ni malalamiko. Nataka kombe la jamu ya plamu litoke kwa Bi. Maureen Tunnicliffe liende kwa dada yangu Hester, aliyekuwa wa pili kama kawaida yake. Mti wake wa plamu umeoza shina, na msimu huu ndio wa mwisho. Sababu zangu ni hizi.

1. Chupa iliyoshinda ilikuwa na lebo ya herufi kubwakubwa. Pale ilipotaja plamu kwa wingi, kwa Kiingereza, ilitiwa ritifaa, PLUM'S badala ya PLUMS, yaani kile kikoma kinachoning'inia juu ya mstari kuonyesha kwamba fulani anamiliki kitu. Plamu haijawahi kumiliki kitu ila kokwa lake. Hata hivyo chupa ile ilisimama katikati ya meza na kadi nyekundu ya mshindi, watu wakaipita kwa foleni, vikombe vya chai mkononi, na hakuna aliyeshtuka.

2. Nilimweleza mwamuzi, Bwana Cuthbert Yelland, kwa sauti ya chini kama ipasavyo. Alilamba kijiko, akanijibu, "Bwana Thorley, jamu ni ya kula, si ya kusoma." Mkewe akadakia, "Mwache mzee wa watu, Cuthbert, hajapata keki." Keki nilikuwa nimepata. Ilikuwa kavu.

3. Kamati yenu haijawahi kuona haya kukataa kitu kabla ya kukionja. Mwaka jana mliitoa nje achari ya kasisi kwa kuwa kifuniko cha chupa kilikuwa na jina la kiwanda. Skonzi za Bi. Lovage mlizikataa kwa kuwa zilikuwa nne sahanini badala ya tano. Kasisi alisema "asanteni sana" akaenda kukaa ndani ya gari lake mpaka bendi ilipomaliza. Ikiwa kifuniko kinahukumiwa, lebo imepata wapi msamaha?

4. Kosa likipewa kombe huzaa. Jana baa ilitundika ubao wa mikate ya nyama yenye ritifaa. Leo asubuhi muuza samaki ametia mbili. Atafuata mchonga mawe ya makaburi, na kwake hakuna kufuta. Tena mtu wa namna hii haishii hapo. Ataacha koma, kisha ataacha wazi geti la malisho ya kondoo, kisha ataruka foleni posta. Nchi inayoruka foleni posta haina sababu ya kuweka jeshi, maana hakuna kilichobaki cha kulindwa.

Naomba, pamoja na kombe, kwamba kuanzia mwakani mlangoni mwa hema iwekwe meza ya waamuzi wa alama, na chupa yoyote isifunguliwe kabla haijasomwa. Hester anafaa kuiongoza. Nyumbani kwetu tulichapwa vidole kwa ajili ya koma, na tangu hapo mkono wake haujakosea.

Wasalimie wanakamati wote, kasisi, Bi. Lovage, na wapiga tarumbeta, waliojitahidi kadiri mvua ilivyowaruhusu.

Wako, kwa heshima inayopungua,
Clement Thorley

Nyongeza: Nimemsomea Hester barua hii kabla ya kuifunga, kama ilivyo desturi yetu. Alikuwa akimenya viazi, na hakuinua kichwa. "Lebo hizo niliandika mimi, Clem," akasema. "Maureen kavunjika mkono, ulitaka aandike kwa mguu? Tena alinisihi nisitie kile kidudu. Nikamwambia aniachie mimi, sisi kwetu tumesoma." Kisha akafungua chupa aliyopewa na Maureen kwa shukrani, akanisogezea kijiko. Bwana Yelland alisema kweli, ni ya kula, na ya Hester haiifikii. Kombe libaki lilipo. Ile meza ya mlangoni msiinunue. Hester anashangaa kwa nini bado naituma barua hii, lakini stempu nilikuwa nimekwisha kuibandika.